Uso wa Opanyin Nkansah

Boakye hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke, ukagonga ukuta ukarudi, akausukuma tena kwa bega. Nyuma yake aliingia mdogo wake Nsiah, ameshika nondo. Wote wawili walivaa nyeusi, maana baba yao alikuwa bado chumba cha maiti, akisubiri kuzikwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi. Uani mchuzi wa mawese ulikuwa unachemka, na Twumasi, mwenye nyumba, alikuwa kitini anavaa soksi.

Boakye alilikunjua bango la karatasi la kutangaza msiba, akalishika juu kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha shuka lenye doa.

"Nani katengeneza hii?"

Akaligeuza huku na huku ili wote walione.

"Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani?"

Twumasi akanyoosha mkono, akamwonyesha mkewe.

Hakufikiri. Mkono ulitoka wenyewe, haraka, kama mtu anayefukuza nzi, na ulipokuwa tayari uko hewani ndipo alipouona, akaushusha taratibu juu ya meza. Dufie, mkewe, aliyekuwa amekaa mbele ya laptopu, aliuona vilevile. Alisimama.

"Ni mimi, Bwana Boakye. Bango lina nini?"

"Hebu litazame halafu uniambie wewe lina nini."

Dufie akalitazama. Maneno yalikuwa yale aliyoyapanga mwenyewe: jina, umri, orodha ya watoto na wajukuu, mahali pa kukutana. Lakini mtu aliyekuwa katikati hakumjua. Picha waliyomletea ilikuwa ya baba yao, Opanyin Nkansah, akiwa mnene, amejitanda kitambaa cha kente, shingo imejaa. Huyu wa kwenye karatasi mashavu yalikuwa yamebonyea, kichwa kimerefuka, na shingo ilikuwa nyembamba hata kente ilionekana kumlemea. Alikuwa mtu aliyekufa kwa njaa.

"Mimi sikufanya hivi," alisema.

Boakye akamzaba kofi. Halikuwa kofi la kuonya. Lilimtupa juu ya kiti, kiti kikaanguka naye.

"Jana nimekalishwa mbele ya ukoo wa mama yake baba," Boakye alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini, jambo lililomtisha Dufie kuliko kofi lenyewe. "Wazee wazima. Wajomba, shangazi, wote. Mmoja akatoa bango langu mfukoni. Langu, nililolilipia mimi, nililolichapisha mimi. Akaniambia, Boakye, sisi tuliposema ulimnyima mzee chakula ulitaka kutupeleka mahakamani. Sasa na bango lako nalo utalishtaki? Wakacheka. Mwanamke, umewahi kuchekwa na watu mia kabla baba yako hajazikwa?"

Twumasi alijikohoza. "Bwana Boakye, kaka, tukae chini tuzungumze. Kama ni kosa, basi..."

Nsiah alishusha nondo juu ya meza. Mkono wa Twumasi ulikuwa bado pale. Mlio ulikuwa mfupi na mkavu, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa, kisha ukaja ukelele wa Twumasi, mrefu, usiofanana na sauti yake.

Ndipo Eno Pomaa, mama yake Twumasi, alipotokea mlango wa uani na mchi wa kutwangia fufu, ugali wa muhogo, mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyetwanga maisha yake yote.

"Haya, mashujaa!" alisema. "Wanaume wawili na chuma, wamekuja kumpiga mtu aliyevaa soksi moja! Mama yenu angekuwa hai angevua nguo kwa aibu."

"Bibi, rudi jikoni."

"Nirudi? Jikoni kwenyewe ni kwangu, na hapa uliposimama ni kwangu. Wewe ndiye urudi ulikotoka."

Akautupa mchi. Ulimpata Nsiah begani, akayumba, akainua nondo. Lakini mkono ulimwishia hewani, kwa kuwa kumpiga mwanamke wa umri ule kulimshinda. Boakye hakushindwa. Alimsukuma bibi kifuani kwa viganja vyote viwili, bibi akaenda kuketi kwa kishindo juu ya sakafu, mgongo ukutani, kitambaa cha kichwa kimemdondoka. Kisha Boakye akaigeukia laptopu. Akaing'oa na waya wake, akainyanyua juu ya kichwa.

Dufie alimrukia mkono. Alining'inia kwenye kiwiko chake kama mtoto.

"Ukiivunja utamzika na uso huohuo!" alipiga kelele. "Picha imo humu! Jumamosi watu wa Tafo yote watamwona hivyohivyo! Niachie nitafute kosa. Nitakutolea lingine leo hii."

Boakye alihema. Jasho lilimtiririka puani. Taratibu aliishusha mashine na kuirudisha mezani, juu ya damu ya Twumasi.

"Nikirudi mchana nikute uso wa baba yangu," alisema. Akamgeukia mdogo wake. "Kaa nao. Asitoke mtu. Akijaribu kukuchezea, una chuma."

*

Twumasi alitaka kupelekwa hospitali. Nsiah akasema hapana. Eno Pomaa akauviringisha mkono wa mwanawe kwa kitambaa chake cha kichwa, akakaza, na alipokuwa akikaza alimwinamia sikioni.

"Unalia nini? Umepigwa mkono uliomwonyeshea mkeo."

"Mama, tafadhali."

"Nimekuuliza tu."

Dufie alikuwa amekwisha kuwasha mashine. Shavu lake lilikuwa limefura na jicho moja lilikuwa linafunga. Nsiah alivuta kigoda, akakaa karibu naye kiasi kwamba nondo iliyolala magotini mwake ilimgusa paja.

Akalifungua bango. Opanyin Nkansah akatokea kwenye skrini, mnene, mashavu yamejaa, kente imemkaa. Dufie akalichukua lile la karatasi, akalishika kando ya skrini. Nsiah akanyoosha shingo. Akatazama huku, akatazama kule.

"Si ndiye huyuhuyu?" alisema. "Mbona humu yuko sawa?"

"Ndivyo nilivyomwona nilipokuwa namtengeneza."

"Basi ni uchawi."

"Si uchawi. Ngoja."

Lakini hakujua angoje nini. Alikumbuka kwamba picha ilipoingia kwenye mashine mara ya kwanza mzee alionekana amepanuka kupita kiasi, uso kama sinia. Alidhani ni kamera ya simu iliyoiharibu. Akaishika picha kwa pembeni, akaifinya, akaifinya, mpaka akaonekana mtu. Sasa alijiuliza: na kama picha haikuwa na kosa?

Akafungua ukurasa mweupe, akachora duara. Si la mkono. Lililochorwa na mashine yenyewe, ambalo haliwezi kupinda. Lilitokea yai lililolala ubavu.

Dufie akavuta droo, akatoa tepu ya fundi cherehani, akapima yai hilo juu ya kioo. Upana ulizidi urefu kwa theluthi nzima.

"Nipe mfuniko wa sufuria, mama," alisema.

Eno Pomaa akamtupia. Dufie akauweka juu ya skrini. Mfuniko ulikuwa mviringo. Duara la mashine lilichomoza kulia na kushoto.

"Ni skrini," alisema. "Inavuta kila kitu kwa upana. Mimi nikimwona mtu amevutwa, namrudisha. Kumbe mtu hakuwa amevutwa. Karatasi haina kosa hilo, kwa hiyo kule anatoka amebanwa."

"Yaani macho ya mashine yako ni mabovu."

"Ndiyo."

"Na wewe hukujua."

"Ningejua ningekaa hapa na jicho hili?"

Nsiah akainamisha kichwa. Alikuwa kijana wa kimo cha kaka yake lakini bila kifua chake. Tangu alipompiga Twumasi alikuwa akijifuta kiganja kwenye suruali.

Mashine ile ilikuwa ya mtumba, na ilikuwa inatumia Linux, mfumo mwepesi wa bure, kwa kuwa programu iliyokuja nayo ilikuwa nzito mno kwake. Miaka yote haikumsumbua. Kisha, kabla tu ya kazi hii, ilijisasisha yenyewe, ilipozimwa ikakataa kuwaka; skrini ikabaki giza tupu. Akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akaingia nayo ndani, akarudi nayo inawaka, akasema imepona. Herufi zilikuwa kubwa kuliko zamani. Dufie alifurahi, akadhani ni ihsani.

Akaingia kwenye mipangilio ya skrini. Zamani palikuwa na orodha ndefu ya vipimo vya kuchagua. Sasa palikuwa na kipimo kimoja tu, cha skrini za zamani zile za karibu mraba, na hakikubadilika hata alipokibonyeza kwa nguvu. Skrini yake ilikuwa pana. Ilipewa picha ya mraba ikaambiwa ijaze ukuta.

Alichukua simu atafute mtandaoni. Kioo chake kilikuwa na ufa, akakosea kuandika akarudia. Watu wengi duniani walikuwa wamewahi kulia kilio chake. Wengine walijibiwa kwa matusi, wengine hawakujibiwa kabisa. Alisoma huku Twumasi akigugumia sakafuni na Eno Pomaa akimlisha maji kwa kikombe. Mwishowe akamkuta mwanamke mmoja, hakuandika anaishi nchi gani, aliyeeleza mambo yaleyale: kusasisha, giza, fundi, kipimo kimoja. Na chini yake mtu alikuwa amemjibu kwa upole. Fundi wako hakuponya kitu, alisema. Aliandika neno moja kwenye faili la kuwashia, ili mashine isiitumie ile programu inayoiongoza skrini. Lifute. Ikirudi giza, iwashe kwa kiini cha zamani, kile cha kabla ya kusasisha. Bado kimo, kimejificha kwenye orodha.

Dufie akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akalitafuta faili. Neno lilikuwepo, dogo, katikati ya maneno mengine: nomodeset. Halikuwa na maana yoyote kwake. Alilitazama kama mtu anavyomtazama mwizi aliyekaa sebuleni kwake muda wote akinywa chai.

Akalifuta. Akaandika amri ya kuthibitisha mabadiliko.

"Sasa nitaizima niiwashe," alimwambia Nsiah. "Inaweza kuwa giza. Usishtuke."

"Kwa nini iwe giza?"

"Nimekuambia usishtuke."

Akaizima. Ikawaka, ikaonyesha nembo ya kiwanda, ikawa giza. Walingoja. Giza likabaki giza, na ndani yake Nsiah alijiona mwenyewe, na nyuma yake mwanga wa mlango.

"Umeifuta," alisema.

"Sijafuta. Ngoja niiwashe te..."

"Umeifuta picha ya baba!"

Nondo ilimpata kwenye bega. Dufie hakusikia maumivu mara moja; alisikia mkono wa kushoto umekufa na kuning'inia, kisha maumivu yakaja yote kwa pamoja na akaanguka magoti chini ya meza. Eno Pomaa alipiga yowe. Twumasi alijaribu kusimama, akauegemeza mkono wake mbovu sakafuni, akaanguka tena. Nsiah alikuwa amesimama, nondo juu, analia waziwazi kama mtoto.

"Kaka ataniua! Unajua ataniua mimi kabla yako?"

"Basi niache niiwashe," Dufie alisema kutoka chini ya meza. "Nipige tena baadaye."

Akainua mkono mmoja uliobaki, akaipapasa mashine mpaka akakipata kitufe, akakishikilia mpaka ikazimika kabisa. Akakibonyeza tena na papo hapo akawa anagongagonga kitufe cha pembeni juu, kama alivyosoma. Orodha ikatokea, herufi nyeupe juu ya weusi. Akashuka mstari mmoja, akashuka mwingine, akachagua kiini cha zamani.

Skrini ikawaka.

Alijua kabla hata hajasimama. Herufi zilikuwa ndogo, zimenyooka. Nafasi ilikuwa imefunguka kama chumba kilichotolewa makabati. Akalifungua lile yai lake: lilikuwa duara. Eno Pomaa mwenyewe alikuja na mfuniko akaupachika juu yake, ukakaa, akaguna.

Dufie akaileta picha ya Opanyin Nkansah kama ilivyokuja mara ya kwanza, kabla hajaifinya. Mzee akawatazama, mnene, mtulivu, mdomo unataka kucheka.

Nsiah akashusha chuma. Akajifuta pua kwa mkono wa shati jeusi.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Kabla ya kile chumba."

"Chumba gani?" Eno Pomaa akauliza.

Nsiah akamtazama kama aliyeamshwa usingizini, akafunga mdomo, na hakusema neno tena mpaka kaka yake aliporudi.

*

Boakye alilipokea bango jipya bila shukrani wala samahani. Aliamuru jambo moja tu zaidi: yale ya kwanza yatolewe kutani kote Tafo, na atakayeyatoa ni huyohuyo aliyeyafanya.

Twumasi akapelekwa hospitali na jirani. Dufie na Eno Pomaa wakatoka juani na ndoo ya maji na kisu cha jikoni, wakaenda ukuta kwa ukuta. Dufie alikwangua kwa mkono mmoja. Watu walisimama kuangalia.

"Ee, mama wa mabango! Mbona unaua mara mbili?"

"Nifinyie na mume wangu, amezidi tumbo!"

"Na hilo jicho, umejichora mwenyewe?"

"Wapuuze," Eno Pomaa alisema. Kisha mwenyewe akashindwa kuwapuuza, akamrushia mmoja maji machafu ya ndoo.

Nyuma ya kituo cha mafuta mwanamke alikuwa amesimama mbele ya bango moja bila kusogea. Alivaa nyekundu na nyeusi, kichwa kimenyolewa. Dufie alipokaribia na kisu, yule mwanamke akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hili usilikwangue."

"Dada, nimeamriwa."

"Najua nani kakuamuru. Mimi ni Afriyie, dada yao." Alizungumza bila kugeuka. "Nyote mnasema ni kosa la mashine. Mimi nilipoliona nilidhani kuna mtu amempiga picha kwa siri. Maana nilimwogesha mimi. Nilikuja kutoka Sunyani wakaniambia amelala moja kwa moja, wakaniletea maji, nikamwogesha, na huyu ndiye niliyemwogesha. Nikampiga picha."

Alitoa simu kifuani. Dufie aliitazama picha kwenye kioo kidogo, akaona mtu mweusi juu ya shuka jeupe, basi. Vitu vingine havikuonekana.

"Shamba la kakao," Afriyie alisema. "Alikataa kutia sahihi liwe lao. Unaweza kuikuza? Si kumpendezesha. Kuikuza tu."

Eno Pomaa akamshika mkwewe nguo kiunoni. "Dufie. Twende nyumbani."

"Itume," Dufie alimwambia Afriyie.

*

Ijumaa asubuhi aliifungua. Skrini sasa haikuwa na uongo wowote, na hicho ndicho kilichokuwa kigumu. Aliziona mbavu moja moja. Aliona midomo iliyopasuka kwa ukavu. Kwenye vifundo vyote viwili vya mikono, pale kiganja kinapoanza, ngozi ilikuwa imechubuka mzunguko mzima, kidonda juu ya kovu juu ya kidonda, kama kinachoachwa na kamba mguuni mwa mbuzi.

Twumasi alikuwa nyuma yake. Mkono ulikuwa umefungwa plasta nyeupe hadi kiwiko. Daktari alikuwa amemwambia vidole viwili havitakunjika tena.

"Zima," alisema.

Dufie hakuzima.

"Dufie, tumepona. Unaelewa? Tumepona. Wameondoka. Unataka warudi wamalizie?"

"Tazama mikono yake."

"Nimeitazama. Amekufa! Mimi niko hai, mama yangu yuko hai, wewe huwezi hata kujifunga kanga kwa huo mkono. Huyu mzee alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Basi?"

Dufie akazungusha kiti. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Alimtazama kwa lile lililobaki.

"Jana mtu aliuliza nani, ukanionyesha."

Twumasi akafungua mdomo. Uani mchi ulikuwa unapiga, Eno Pomaa anatwanga. Ukanyamaza, maana ukuta ulikuwa mwembamba.

"Sikufikiri," alisema mwishowe. "Naapa sikufikiri kitu. Ningefikiri..." Akaacha hapo. Akaketi kitandani. "Kila nikifumba macho nauona mkono unatoka."

"Hata mimi nauona."

Alirudi kwenye mashine. Hakumnenepesha mzee wala kumkondesha. Hakung'arisha, hakufuta, hakuandika chini hata jina. Aliikuza tu, mpaka ikatosha karatasi kubwa, akaenda mwenyewe kuichapisha moja.

*

Jumamosi uwanja ulifurika. Mahema, viti vya plastiki, spika ndefu kama milango, na kila mahali uso mnene wa Opanyin Nkansah. Upande mmoja walikaa watu wa ukoo wa mama yake, ambao kwa mila ndio wenye maiti, upande wa pili watoto, na katikati jeneza walilolileta watoto, la gharama, lenye vishikio vya dhahabu ya kuigiza. Dufie alikuja kwa kuwa Afriyie alimwomba asimwache peke yake. Twumasi alikuja bila kuambiwa.

Afriyie alitembea na karatasi imekunjwa chini ya kwapa. Alipita mbele ya kaka zake, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ukoo, akapiga goti, akamkunjulia.

Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Hakupaza sauti. Alimpa aliye kuliani kwake, naye akampa wa kuliani kwake, na jinsi karatasi ilivyosonga ndivyo mazungumzo yalivyokatika, safu kwa safu, mpaka spika peke yake ndiyo iliyokuwa inaimba. Mtu akaizima.

"Jeneza hilo," mkuu wa ukoo alisema, "liondoke mbele yangu. Huyu hazikwi leo. Anarudi kwa daktari."

Boakye aliona karatasi. Alivuka uwanja kwa hatua za kukimbia, akamshika dada yake shingoni, akamkokota, akampigiza kichwa kwenye ukingo wa jeneza. Mara moja. Mara ya pili damu ilitapakaa kwenye vile vishikio. Wanawake wakapiga mayowe, viti vikaanguka, watu wakasukumana kurudi nyuma badala ya mbele. Dufie ndiye aliyekwenda mbele. Boakye alimwona, akamtambua, akamwachia Afriyie.

"Wewe," alisema. "Wewe na mashine yako."

Mtu akaingia kati yao. Alikuwa Twumasi, na ule mkono mweupe umeinuliwa mbele ya uso. Boakye alimpiga ngumi moja ya taya, akaanguka. Akajikokota, akasimama tena palepale, anayumba. Akapigwa tena. Akasimama tena. Hakujua kupigana na hakujaribu. Alijua kusimama tu, na Boakye alikuwa anainua ngumi ya tatu wakati kiti cha chuma kilipomshukia kisogoni.

Kilishikwa na Nsiah.

"Nilikuambia tumfungue!" Nsiah alimpiga tena kaka yake, aliyekuwa tayari amepiga magoti. "Nilikuambia! Alikuwa anaomba maji, Boakye, alikuwa anakuita kwa jina la utotoni, nikakuambia tumfungue!"

Alipiga mpaka wanaume wanne walipomnyang'anya kiti. Kisha akaketi kwenye vumbi kando ya kaka yake aliyezirai, akajifuta kiganja kwenye suruali, akafuta, akafuta. Polisi walipofika hawakuhitaji kuuliza sana. Yeye mwenyewe aliwaambia chumba ni kipi na funguo zinakaa wapi.

*

Afriyie alishonwa kichwa, akapona, akabaki na kizunguzungu. Boakye alipata fahamu akiwa na pingu kitandani. Opanyin Nkansah alizikwa baadaye sana, bila mabango, na ukoo wake.

Nyumbani kwa Dufie kazi ilikatika. Watu waliokuwa wakimletea wafu wao sasa walivuka barabara. Hawakuwa na chuki naye. Waliogopa tu, kama anavyoogopwa mtu aliyetoa ushahidi. Eno Pomaa alianza kuuza fufu dirishani, Twumasi akiosha sahani kwa mkono mmoja. Yeye na mkewe walizungumza kuhusu maji, kuhusu chumvi, kuhusu umeme. Usiku kila mmoja alilala upande wake. Siku moja Dufie aliposhindwa kujifunga kanga kwa sababu ya bega, Twumasi alikuja nyuma yake, akajaribu kumsaidia kwa vidole vyake visivyokunjika, fundo likamshinda, akajaribu tena, na Dufie akasimama akamwacha ajaribu.

Mvua zilikuwa zimeanza siku mwanamke mmoja mtu mzima alipobisha hodi. Alingoja akaribishwe ndipo akaingia. Akatoa kwenye mfuko wa nailoni picha ya mama yake, aliyekufa juzi: bibi mwenye jino moja la mbele na kovu pana kuanzia sikio hadi kidevu.

"Wengine wote wamesema watalifuta hili kovu," alisema. "Wanasema watu hawataki kuliona. Mimi nimekuja kwako ili lisifutwe."

Dufie aliiweka picha juu ya meza, akainama kuitazama vizuri.

"Alilipata wapi?"

Mgeni alitazama kiti, akatazama mlango, kama anayekadiria kama kuna muda wa kutosha.

"Kwa baba yangu," alisema.

Dufie akamvutia kiti.